Uso wa Dar es Salaam Uko Majini

Dar es Salaam ilijengwa itazamwe kutoka majini. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoamua katika miaka ya 1860 kujijengea makao mapya upande wa bara, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima, kilichomvuta ni ghuba: lango jembamba, kisha maji yenye kina na utulivu ambamo jahazi likishaingia halina tena sababu ya kuogopa kusi wala kaskazi. Majumba yake yalipangwa ukingoni, yakielekea bandarini, kwa maana wakati ule kila mgeni wa maana alifika kwa chombo, na mwenye mji alitaka mji wake uonekane kabla yeye mwenyewe hajasalimiwa. Majid alifariki mwaka 1870, kazi haijakamilika. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walishika mwelekeo uleule. Makazi ya gavana, nyumba za maofisa, kanisa la Kilutheri la Azania Front lililojengwa kati ya mwaka 1898 na 1902, vyote vikawekwa kando ya maji na kutazama maji.

Halafu mji ukageuka. Leo mgeni wa Dar anashuka kiwanja cha ndege, anapita Barabara ya Nyerere katikati ya viwanda na maghala. Akija kwa basi anashuka Mbezi, anaingia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Anaufikia mji kwa nyuma, kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu kwa mlango wa uani. Anaweza kukaa wiki nzima, akanunua vitenge Kariakoo, akala chipsi mayai Sinza, akalala Mikocheni, akaondoka bila kuuona uso wa mji. Wala si mgeni peke yake. Wako watu waliozaliwa Temeke na Kinondoni, watu wazima wenye wajukuu, ambao Dar wanayoijua ni foleni, vumbi na mabati, na ukiwaambia kwamba mji wao ni mzuri wanakutazama kwa mashaka.

Uso huo haujaenda popote. Wanaouona kila siku ni watu ambao hakuna anayewaita watalii: wakazi wa Kigamboni wanaovuka kwenda kazini kwa pantoni.

Wanauona katika saa yake nzuri kuliko zote. Asubuhi jua la Dar hutokea upande wa bahari, likawa mgongoni mwa anayetoka Kigamboni, na mwanga wake ukaipiga safu ya majengo ya Kivukoni yote kwa mara moja. Kuta nyeupe za Azania Front zinang'aa, vigae vyake vyekundu vinawaka, vioo vya majengo marefu vinarudisha jua juu ya maji. Kibarua wa ujenzi, mama ntilie mwenye sufuria zake, karani wa benki, mwanafunzi aliyeshika daftari kifuani, wote wanaletwa taratibu mbele ya mandhari ambayo hoteli ingewatoza pesa nyingi kuitazama dirishani. Jioni wakirudi mambo hubadilika: jua liko nyuma ya mji, majengo yamekuwa vivuli vyeusi, na watu wamechoka. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni wakati gani wa kwenda kuutazama mji kutoka majini, namjibu: saa moja asubuhi, pamoja na wafanyakazi.

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu. Kungoja ndiko kunakochukua muda. Abiria wa miguu hukusanyika bandani, wamebanana, macho yote getini. Pantoni linapokaribia, injini zinapunguza sauti, mlango mpana wa chuma ulio mbele unashushwa taratibu, unakwaruza saruji ya gati kwa mlio ambao hata aliyesinzia anaamka, na maji yanaruka pembeni. Waliomo wanatoka kwanza: miguu mingi, kandambili, viatu vya ofisini vilivyong'arishwa, bodaboda wakilalamisha injini, guta lililojaa kreti za soda, mkokoteni unaosukumwa na vijana wawili wanaopiga kelele za kuomba njia. Kisha zamu ya wanaopanda. Magari yanapangwa katikati, karibu kiasi kwamba dereva hawezi kufungua mlango wake, na watu wanajaza kila pengo lililobaki. Harufu ni ya dizeli, chumvi na samaki, kwa sababu soko la samaki la Feri liko hapohapo ubavuni.

Asubuhi moja nilisimama karibu na mzee aliyebeba kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa kanga.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Unakwenda Mjimwema?”

“Hapana mzee, nimekuja kuutazama mji tu.”

Hakushangaa. Alinitazama kidogo, akaniambia, “Basi hapo hapafai, utaona matairi ya malori. Njoo ukingoni.” Akanisogezea nafasi kwenye reli, akaanza kunionyesha kwa kidole, moja baada ya jingine, na alivyokuwa akionyesha nilitambua kwamba mtu huyu amekuwa akiutazama mji huu kwa makini miaka mingi, bila kitabu wala mwongozaji.

Ukiwa katikati ya maji, ukageuka kuelekea mjini, kulia kwako unaiona bahari wazi na soko la Feri, ambako mashua na ngarawa zimesogea ufukweni na watu wanaingia majini hadi kiunoni kupokea vikapu. Nyuma ya soko kuna miti mikubwa, na ndani ya miti hiyo iko Ikulu. Makazi ya gavana wa Kijerumani yaliyokuwa pale yalipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwishoni mwa mwaka 1914. Waingereza haohao wakayajenga upya, wakayamaliza mwaka 1922, safari hii yakiwa na matao ya mtindo wa pwani. Tangu Mei 2023 taifa lina Ikulu nyingine, ya Chamwino, Dodoma, iliyo mbali na bahari, lakini ile ya Magogoni ingali kando ya wauza samaki, na ujirani huo naupenda. Ni nchi ngapi ambako nyumba ya rais inafikiwa na harufu ya kibua anayekaangwa?

Kushoto ipo safu ya Kivukoni. Mnara wa Azania Front ndio unaotangulia kukamata jicho. Ipo hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 wakati nchi changa ilitaka wageni wake walale mahali panapotazama bandari. Nyuma yake yameota majengo ya ghorofa 35, na kati ya hayo mnara mwembamba wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambao zamani ulikuwa alama ya mabaharia, sasa unatafutwa kwa macho. Mbele zaidi ziko gati za boti za Unguja, na ng'ambo ya barabara, mahali ambapo kutoka kwenye pantoni jicho halifiki vizuri, limesimama Boma la Kale la mwaka 1866 na 1867, la mawe ya matumbawe, jengo la enzi za Majid lililonusurika. Baada ya hapo zinaanza winchi za bandari na makontena yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa.

Chini yako, mahali palepale pantoni linapokatiza, ndilo lango lenyewe. Agosti 1914, vita ilipoanza, Wajerumani walizamisha gati lao linaloelea mlangoni mwa bandari ili adui asiingie. Walijifungia wenyewe pia: manowari yao Königsberg, iliyokuwa imetoka siku chache kabla, haikuweza kurudi, ikajificha katika delta ya Rufiji, na huko ikaishia mwezi Julai 1915. Wanaovuka hapa kila siku wanapita juu ya habari hiyo, na sijaona mahali popote kwenye banda la kungojea ilipobandikwa japo karatasi moja ya kuwaeleza. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kusema. Tunawaandikia watu matangazo ya mikopo na ya bando za simu kila ukuta, na habari za maji wanayovuka hatuwaandikii.

Wakati mwingine pantoni husubiri. Meli kubwa ya makontena inaingia, boti za kuvuta zikiwa ubavuni mwake, rubani wa bandari akiwa juu, na lango lililo jembamba hivi halina nafasi ya vyombo viwili. Hapo ndipo abiria wote, hata waliozama kwenye simu, wanainua vichwa. Ukuta wa chuma mrefu kuliko kanisa unapita mbele yao polepole, bila sauti inayolingana na ukubwa wake. Watoto wananyanyuliwa mabegani. Hakuna anayelalamika kwa kuchelewa, ingawa wote wamechelewa.

Boti za watalii zipo pia, na sizidharau. Kutoka Slipway, Msasani, unaweza kwenda Bongoyo, kutoka Kunduchi ukaenda Mbudya, visiwa vilivyo katika hifadhi ya bahari, na ukiwa na nafasi nenda, maji ni safi na samaki wa kuchoma ni wa siku hiyohiyo. Lakini huko unakwenda kuutazama ufukwe. Mji unauacha nyuma.

Boti za kasi za Unguja ni jambo jingine. Zinapita lango lilelile, zinafika Unguja kwa takriban saa mbili, na mwenye mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja au biashara Darajani anazishukuru, nami nazishukuru. Hata hivyo nimeona zinavyotunyang'anya macho. Abiria wengi wanakaa ndani, kwenye kiyoyozi, filamu inapigwa, pazia linashushwa kwa sababu jua linaingilia skrini. Mtu anasafiri kutoka mji wa Majid hadi mji wa ndugu yake, Sultani Barghash, akitazama watu wakipigana kung fu. Kisha anashuka, na Forodhani yote ilikuwa imekwisha kujipanga mbele yake kwa nusu saa bila yeye kuiona. Beit al Ajaib, aliyoijenga Barghash mwaka 1883, mnara wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na pengo lile lilionekana waziwazi kutoka baharini. Mji wa pwani unapojeruhiwa, jeraha linaonekana kwanza na aliye chomboni. Kama watu wa vyomboni hawatazami, nani atapiga kelele?

Mombasa wamelitambua jambo hili mapema kidogo kuliko sisi. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu hata senti, na juu ya mlango wa Kilindini, pale Mama Ngina, pametengenezwa mahali pa kukaa palipofunguliwa upya mwaka 2019. Jioni familia zinakwenda na mikeka, zinanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, zinatazama meli zikiingia. Hakuna anayewauliza wanafanya nini pale. Kutazama maji kumehesabiwa kuwa shughuli ya mtu mzima mwenye akili timamu.

Na ukienda mbali zaidi utakuta miji ambayo imeupigania mvuko wake kama mali ya umma. Hong Kong, mwaka 1966, kampuni ya Star Ferry ilipoongeza senti tano kwenye nauli ya daraja la kwanza, kijana mmoja aligoma kula mbele ya gati, na hasira za mji zikalipuka hadi barabarani kwa siku kadhaa. Miaka arobaini baadaye, gati hilohilo na mnara wake wa saa vilipobomolewa, watu walisimama mbele ya mashine kuvitetea. New York nayo iliondoa kabisa nauli ya feri ya Staten Island mwaka 1997, na leo maskini na tajiri wanasimama reli moja kuitazama Sanamu ya Uhuru.

Sisi tulikuwa na senti zetu tano. Januari 2012 nauli ya mtu wa miguu Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200, wakazi wakanung'unika, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akawaambia wasioitaka wapige mbizi. Maneno yale yaliwauma watu, na yamekumbukwa mpaka leo. Lakini katika mabishano yote yale sikumbuki mtu aliyesema kwamba kivuko ni zaidi ya usafiri. Upande mmoja ulizungumzia gharama, upande mwingine ukazungumzia umaskini, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kwamba mtu wa Kigamboni anastahili kuvuka akiwa ameketi, akitazama mji wake kwa raha, halikuwa dai la mtu yeyote.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Aprili 2016, Magufuli huyohuyo, sasa akiwa Rais, alilifungua Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni, mita 680. Daraja limewafaa wengi, na aliyewahi kukimbiza mjamzito hospitali usiku kutoka ng'ambo hatasema vinginevyo. Ila limezaa wazo ambalo nalisikia mara kwa mara na ambalo nalipinga: kwamba pantoni ni kitu cha mpito, kiraka cha kuvumiliwa mpaka madaraja yatoshe. Darajani unapita ndani ya gari, kioo kimefungwa, foleni iko mbele. Daraja linakuvusha, basi. Kivuko kinakulazimisha usimame dakika chache pamoja na watu usiowajua, mkiwa hamna la kufanya ila kutazama, na katika mji wenye mamilioni ya watu wanaokimbizana, dakika hizo ni adimu.

Siwezi kukisifu kivuko nikanyamazia hofu yake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia gati ya Ukara, imebeba watu kuliko uwezo wake, na zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hawa walikuwa wasafiri wa kawaida wa siku ya kawaida, waliokwenda sokoni, msibani, kwa jamaa. Kila ninapopanda pantoni la Kigamboni wakati wa msongamano nawakumbuka, na natazama maboya ya rangi ya machungwa yaliko, na nahesabu vichwa vilivyo kati yangu nayo.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba kumtafutia abiria mahali pa kutazamia ni anasa, tushughulikie kwanza usalama. Ni jambo moja. Ile nafasi inayomwezesha mtu kusogea hadi kwenye reli autazame mji ndiyo ile inayomwezesha kulifikia boya. Pantoni lililojaa kiasi kwamba huoni chochote ila shingo ya mwenzako limejaa kupita kiasi, na macho ya abiria yanaweza kulipima vizuri kuliko karatasi yoyote. Tukidai kuona, tumedai pia kupona.

Ninachokiomba kinawezekana. Vyombo vya kutosha ili watu wasishindiliwe. Mabenchi ukingoni mwa Magogoni na Kigamboni, yenye kivuli, ambapo mtu anaweza kuketi bila kufukuzwa na mlinzi. Ubao mmoja wa Kiswahili wenye habari za Mzizima, za Majid, za gati lililozamishwa. Masharti ya ujenzi yanayolinda safu ya mbele ya Kivukoni, ili kanisa na Boma visije vikamezwa na vioo. Na walimu wa Dar, ambao huwapeleka watoto Makumbusho na Bagamoyo, wawalete na hapa.

Wewe msomaji, usingoje mabenchi. Jumapili asubuhi mchukue mtoto, au mama yako ambaye hajatoka siku nyingi, pandeni mwendokasi mshuke kituo cha mwisho, Kivukoni, mtembee kidogo hadi Feri. Siku hiyo pantoni huwa na nafasi. Mkienda, simameni nyuma upande wa kulia. Mkifika ng'ambo kunyweni dafu, msiharakishe. Mkirudi, simameni mbele, upande wa kushoto, na simu ibaki mfukoni.